KARATA, DAU NA HATAZA: HUKUMU SAHIHI ILIYOJENGWA JUU YA ILLA DHAIFU

Sifa njema zote anastahiki Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baad.

Katika darasa zetu za baada ya Magharibi hapa Shumba, tulipofika mlango wa biashara katika Minhaj ya Imamu Nawawi, kijana mmoja anayesomea sheria alituletea swali ambalo hatukulitarajia. Alisema kuwa amesoma hukumu ya mahkama moja ya Marekani iliyowakatalia watu wawili haki ya kumiliki njia waliyoibuni ya kuweka dau katika mchezo wa karata. Akatuuliza: "Sheikh, hii si dalili kwamba hata wasiokuwa Waislamu wamekiri kuwa kamari haina thamani?" Baadhi ya waliokuwepo waliitikia kwa furaha. Sisi tulimwomba atupe muda, tukaisoma hukumu ile pamoja naye, na kisha tukarudi katika vitabu vyetu.

Tuliyoyaona tumeyaandika hapa kwa faida ya maimamu na wanafunzi wenzetu. Kwa ufupi ni haya: hukumu ile ni sahihi katika natija yake, lakini imejengwa juu ya illa dhaifu, na anayeishangilia bila ya kuitazama illa yake anaweza kujikuta kesho anafungwa na hukumu iliyo kinyume chake.

HATAZA NA KIPIMO CHA UDHAHIRI

Hataza, ambayo wengine huiita patenti, ni haki inayotolewa na serikali kwa mvumbuzi ili aweze kumzuia mtu mwengine kutengeneza, kutumia au kuuza uvumbuzi wake bila ya idhini yake. Haki hii ina muda maalumu, na katika nchi nyingi muda huo ni miaka 20 tangu siku ya kuombwa. Ili mtu aipate, kitu alichokivumbua lazima kiwe kipya, kiwe na manfaa, na kisiwe jambo la dhahiri kwa mtu mwenye ujuzi wa kawaida wa fani ile.

Sharti hili la tatu ndilo lenye ugomvi mwingi. Asili yake katika mahkama za Marekani ni kesi ya mwaka 1851, Hotchkiss na Greenwood, iliyohusu vishikio vya milango. Watu walikuwa wakivitengeneza kwa mbao na kwa madini. Akaja mtu akavitengeneza kwa udongo wa kuchoma, akadai kuwa amevumbua. Mahkama ya Juu ikasema kuwa kubadilisha mada moja kwa nyengine ni kazi ya fundi yeyote mjuzi, na wala si uvumbuzi. Mwaka 1952 sharti hilo likaandikwa katika sheria yao. Mwaka 2007, katika kesi ya KSR na Teleflex iliyohusu pedeli ya gari, mahkama hiyo hiyo ikalikaza zaidi: mtu akiunganisha vitu viwili vinavyojulikana, na kila kimoja kikafanya kazi yake ile ile ya siku zote, basi huo ni muungano wa dhahiri.

Sasa tujaalie kuwa mtu amechukua mchezo wa karata unaojulikana, akauongezea dau la pembeni, na akabadilisha hesabu ya malipo. Je, hilo ni jambo jipya lisilo dhahiri, au ni kishikio cha mlango kilichobadilishwa udongo? Wenye makasino wameshindana juu ya swali hili kwa miaka mingi, kwani anayemiliki hataza ya mchezo hulipwa na kila kasino inayouchezesha.

Na fedha zilizomo si kidogo. Mwezi wa Agosti 2018, baraza la wazee wa mahkama mjini Chicago liliiamuru kampuni ya Scientific Games kulipa dola milioni 105, ambazo kwa mujibu wa sheria yao ya ushindani zilizidishwa mara tatu na kufikia milioni 315. Kampuni hiyo ilidaiwa kuwa hataza zake za mashine za kuchanga karata zilipatikana kwa kuificha ofisi ya hataza mashine zilizotangulia, kisha zikatumika kuwashitaki washindani wake. Hivyo basi, katika biashara ambayo msingi wake ni kula mali kwa bahati, hata haki ya kuchanga karata ilikuwa na tuhuma za udanganyifu.

KESI YA SMITH NA ILIYOIFUATA

Kesi aliyotuletea kijana wetu iliamuliwa tarehe 10 Machi 2016 na mahkama ya rufaa inayoshughulikia hataza nchini Marekani, nayo hujulikana kwa jina la Smith. Waombaji walieleza mchezo wa jamii ya Blackjack. Mchezeshaji anachanga karata na kuzigawa, wachezaji wanaweka madau, karata zinahesabiwa kwa kanuni maalumu, na kila mmoja analipwa au anapoteza. Ofisi ya hataza ilikataa, na mahkama ikaunga mkono.

Hoja ya mahkama ilikuwa na hatua mbili, kwa kufuata kesi ya Alice ya mwaka 2014. Kwanza, ilisema kwamba kanuni za mchezo wa dau ni wazo tupu, na wazo tupu halimilikiwi. Ikaulinganisha mchezo huo na taratibu za kifedha zilizokwisha kukataliwa kabla yake, ikasema kuwa kuweka dau hakika yake ni kubadilishana madeni na kuyamaliza kwa kutegemea uwezekano unaozaliwa na ugawaji wa karata. Pili, ikatazama kama kuna kitu cha ziada kinacholitoa wazo hilo katika utupu wake. Ikakuta kuwa kuchanga na kugawa karata za kawaida ni mambo ya mazoea yasiyoongeza kitu. Hapa msomaji ataona kuwa kipimo cha udhahiri kimerudi kwa mlango wa nyuma, kwani "mazoea" ya hatua hii na "udhahiri" wa kesi ya vishikio ni watoto wa mama mmoja.

Lakini mahkama haikuishia hapo. Ilisema kuwa haikusudii kuifungia mlango kila hataza ya michezo, na ikatoa mfano: mchezo unaotumia pakiti mpya ya karata, isiyokuwa ya kawaida, huenda ukapita. Tunamwomba msomaji aliweke akilini neno hili, maana tutalirudia.

Mwishoni mwa mwaka 2018 mahkama hiyo hiyo iliamua kesi ya Marco Guldenaar, iliyohusu mchezo wa dau kwa dadu zenye alama katika baadhi tu ya nyuso zake. Nayo ilikataliwa: mchezo ni wazo tupu, na alama zilizochapwa juu ya dadu hazibadilishi kitu. Jaji Mayer alikubaliana na wenzake katika natija, akaongeza kwa upande wake kuwa michezo ya dadu, karata na ubao isipewe hataza abadan, kwani inachojaribu kufanya ni kuathiri mwenendo wa watu na wala haileti maendeleo ya ufundi. Huyu alikaribia zaidi, lakini hakufika.

MLANGO WALIOKUWA NAO WAKAUFUNGA

Jambo lililotushangaza katika kufuatilia historia ya suala hili ni kuwa mahkama za Marekani ziliwahi kuwa na illa iliyo karibu zaidi na ya mafaqihi, kisha zikaiacha.

Mwaka 1817, katika kesi ya Lowell na Lewis iliyohusu pampu ya maji, Jaji Story alieleza maana ya sharti la manfaa. Alisema kuwa uvumbuzi usiwe wenye kudhuru ustawi wa jamii, siasa njema au maadili yaliyo sawa, akatoa mifano ya uvumbuzi wa kuwatilia watu sumu au wa kueneza ufisadi. Kwa mujibu wa kauli hii, kitu chenye madhara hakihesabiwi kuwa na manfaa mbele ya sheria, hata kingekuwa cha ustadi namna gani.

Mahkama za chini zikaitumia kauli hiyo kwa kamari hasa. Mwaka 1889 mahkama moja ya Illinois iliibatilisha hataza ya mchezo wa farasi wa bandia uliowekwa katika vilabu vya pombe ili watu waufanyie kamari. Mwaka 1897 mahkama ya California ikafanya hivyo kwa mashine ya karata ya kutumbukiza sarafu. Hakuna aliyeuliza kama farasi wale au mashine ile ni ya dhahiri. Walichouliza ni kwamba kifaa kinatumika kwa nini, na walipoona kuwa hakina kazi isipokuwa kamari, wakasema hakina manfaa.

Kisha mlango ukaanza kufungwa. Mwaka 1903 mahkama ya rufaa ilikubali hataza ya kifaa cha kutambua sarafu bandia ambacho kilikuwa kikitumika katika mashine za kamari, kwa hoja kwamba chaweza pia kutumika kwa mambo mengine. Hoja hiyo ina uzito, nasi tutaizingatia hapa chini. Lakini mwaka 1977 bodi ya rufaa ya ofisi ya hataza ilikwenda mbali zaidi, ikakataa kuinyima hataza mashine yenyewe ya kamari kwa sababu za kimaadili. Na mwaka 1999, katika kesi ya Juicy Whip iliyohusu mashine ya vinywaji, mahkama ya rufaa ikasema kuwa kanuni ya zamani ya kubatilisha uvumbuzi kwa sababu ya uovu wa matumizi yake haifuatwi tena.

Basi mwaka 2016 mahkama ilipokutana na mchezo wa kamari, haikuwa na mlango wa manfaa wa kupitia. Ikapita katika mlango wa "wazo tupu" na "mazoea". Ikafika ilipofika, lakini kwa njia ya kuzunguka.

ILLA IPO WAPI?

Wanafunzi wa usuli wanajua kuwa hukumu huzunguka pamoja na illa yake: inapokuwepo nayo hukumu ipo, na inapoondoka hukumu huondoka. Tukiichukua hukumu ya Smith na kuipima kwa kanuni hii, udhaifu wake unaonekana mara moja. Illa yake ni kukosekana kwa kitu kipya chenye kushikika. Hivyo mtu akija na kitu kipya chenye kushikika, kama vile pakiti ya karata zisizojulikana, illa imeondoka na hukumu imeondoka nayo. Kamari ile ile, kwa hasara ile ile kwa baba wa watoto, itakuwa imepata ulinzi wa serikali kwa sababu tu kuwa michoro ya karata ni mipya. Mahkama yenyewe imesema hivyo kwa ulimi wake.

Ama Qur'ani Tukufu, katika Sura ya Baqara aya ya 219 na Sura ya Maida aya ya 90 na 91, imetaja illa nyengine kabisa. Imeeleza kuwa katika kamari mna madhambi makubwa na baadhi ya manfaa kwa watu, na kuwa dhambi yake ni kubwa kuliko manfaa yake. Na imeeleza kuwa shetani huitumia kutia uadui na chuki baina ya watu na kuwazuia wasimkumbuke Mola wao na wasisali.

Na tuangalie kamari iliyokuwa ikizungumzwa. Wataalamu wa tafsiri na lugha wameihifadhi sifa ya maisiri ya Waarabu wa Jahiliya. Ngamia alichinjwa akagawanywa mafungu, na mishale kumi ikatiwa katika mfuko. Saba kati yake ilikuwa na majina na mafungu yanayopanda kutoka moja hadi saba, na mitatu haikuwa na kitu. Aliyetokewa na mshale wenye fungu alishinda, na waliokosa walilipa bei ya ngamia. Na washindi walikuwa wakiwagawia mafukara ile nyama na kujifaharisha kwa hilo. Huu ulikuwa ni mpango wa dau wenye hesabu yake na ustadi wake, na juu ya hayo ulikuwa na sadaka ndani yake. Lau ungepelekwa leo katika ofisi ya hataza, huenda ungeonekana kuwa na ubunifu kuliko dau la pembeni la Blackjack. Lakini ustadi wake haukuzingatiwa hata kidogo katika hukumu, na manfaa yake yaliyokuwepo kweli yalitajwa kisha yakapimwa na madhara.

Wala isidhaniwe kuwa mafaqihi wetu walikuwa hawajui mambo ya madau. Imamu Shafii (R.A.) aliandika mlango mzima wa mashindano ya farasi na kulenga shabaha, na mwanafunzi wake Muzani amesema kuwa hapana aliyemtangulia kuutungia mlango huo. Ndani yake mna uchambuzi wa nani anatoa zawadi, na wakati gani zawadi inageuka kuwa kamari. Kipimo walichokiweka ni chepesi kukihifadhi: ikiwa kila mmoja wa wanaoshindana yuko baina ya kupata mali ya mwenzake na kupoteza yake, hiyo ni kamari. Ikiwa zawadi inatoka kwa mtu wa nje, au kwa mmoja wao tu, au ameingia mtu wa tatu mwenye uwezo wa kushinda asiyetoa kitu, mashindano ya mambo yaliyoruhusiwa yanasihi.

Msomaji alinganishe kipimo hiki na maneno ya mahkama, kwamba kuweka dau ni kubadilishana madeni kwa kutegemea uwezekano wa karata. Majaji walikiona kitu kile kile walichokiona mafaqihi. Tofauti ni kwamba wao walikiona wakasema: "Hili ni la kale mno, halimilikiwi." Mafaqihi walikiona wakasema: "Hili ni dhulma, halifanywi."

SURA NA MADA KATIKA MINHAJ

Sasa turudi katika kitabu tulichokuwa tukikisoma, kwani jawabu ya kijana wetu ilikuwa imo katika mlango ule ule. Imamu Nawawi ameweka manfaa kuwa sharti la pili la kitu kinachouzwa. Akataja visivyosihi kuuzwa kwa kukosa sharti hilo, na miongoni mwake ni vyombo vya upuuzi. Akataja pia kauli nyengine ndani ya madhehebu, aliyoinukuu kwa tamko la kuonyesha udhaifu, kwamba uuzaji wa chombo hicho unasihi ikiwa vipande vyake vikivunjwa vinahesabika kuwa ni mali.

Na katika mlango wa unyang'anyi amesema kuwa mwenye kubatilisha masanamu na vyombo vya upuuzi halazimiki kulipa kitu kwa kubatilisha huko, na kwamba kauli sahihi zaidi ni kuwa visivunjwe vunjwe kwa kupita kiasi, bali vitenganishwe mpaka virudi kama vilivyokuwa kabla ya kuunganishwa. Wenye kusherehesha wameeleza sababu: umbo lake ni la haramu, nalo halina heshima mbele ya sheria. Ama mbao, kamba au madini yaliyomo ni mali ya mtu, na anayepita kiasi akaiharibu mada analipa. Imamu Abu Hanifa naye anamlipisha mvunjaji kwa thamani ya ubao usiokuwa chombo, na wanafunzi wake wawili wanasema halipi kitu.

Basi tuipime hataza ya kamari kwa msumeno huu wa sura na mada. Karatasi ya karata na ubao wa meza ni mada, nazo zina mwenyewe na heshima yake. Lakini hataza haimilikishi karatasi wala ubao. Inachomilikisha ni ule mpangilio: weka dau hapa, gawa karata hivi, lipa kwa kiasi hiki. Yaani inamilikisha sura tupu, na sura hiyo ndiyo hasa ambayo fiqhi imeiondolea thamani. Mtu akiuza gitaa lililovunjika anaweza kudai bei ya mbao. Mwenye hataza ya kamari hana hata hizo mbao. Na wala hapana tofauti kama karata ni za kawaida au ni mpya, kwani upya wa mada hauihalalishi sura.

Iko pia hadithi aliyoipokea Abu Hurayra (R.A.), iliyomo katika Bukhari na Muslim, inayomwamrisha mtu aliyemwambia mwenzake "njoo tucheze kamari" atoe sadaka. Hapo fedha haijawekwa na karata haijagawiwa. Mwito peke yake umehitaji kafara. Na hataza ya mchezo wa kasino ni nini isipokuwa mwito huo ulioandikwa, ukapigwa muhuri na kukodishwa kwa kila mwenye meza?

PINGAMIZI MBILI

Mtu anaweza kusema: "Nyinyi mnakataa haki ya mvumbuzi, na huku ni kudhulumu jasho la mtu." Tunajibu kuwa hatukatai. Ni kweli kuwa wanavyuoni wa zama zetu walikhitalifiana juu ya haki zisizoshikika, na wako waliozikataa. Lakini Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha tano kilichofanyika Kuwait mwezi wa Disemba 1988, lilipitisha azimio namba 43 kwamba haki za utunzi na uvumbuzi na majina ya biashara zinalindwa kisheria, wenyewe wana haki ya kuzitumia, na haijuzu kuzivamia. Na madhehebu yetu ya Kishafii yanahesabu manfaa kuwa ni mali. Lakini yanasema manfaa ya halali. Fundi wa Micheweni akivumbua mashine ya kukaushia karafuu, tunasema ni yake na anayemwibia ni mwizi. Aliyevumbua njia ya kula mali za watu kwa bahati hana alichoibiwa.

Pingamizi ya pili ni nzito zaidi, nayo ni ile ya mwaka 1903: kifaa chenye matumizi mawili. Hapa tunawataka wanafunzi wasikimbilie kuharamisha. Mafaqihi wetu wameizungumza mas-ala ya kumuuzia zabibu mtu anayekamua pombe. Akijua au akidhani kwa nguvu kuwa atakamua, kumuuzia ni haramu. Akitilia shaka, ni makuruhu. Na katika hali zote mbili mkataba wenyewe unasihi, kwani zabibu ni mali. Kwa hiyo kifaa cha kutambua sarafu bandia, au programu ya kupokea malipo inayotumiwa na wenye maduka na wenye kamari pia, hukumu yake ni hukumu ya zabibu. Ama programu iliyoandikwa kwa ajili ya dau tu, hiyo ni pombe yenyewe.

YANAYOTUHUSU SISI

Huenda msomaji akauliza: yatuhusu nini sisi wa Pemba? Yanatuhusu kwa njia tatu.

Kwanza, sheria zetu nazo zinapita katika mlango ule ule wa kuzunguka. Sheria ya hataza ya Tanzania Bara ya mwaka 1987, sheria ya mali za viwanda ya Kenya ya mwaka 2001 na ya Zanzibar namba 4 ya mwaka 2008 zote zimeziondoa kanuni za kucheza michezo katika hesabu ya uvumbuzi. Natija ni njema. Lakini kanuni hizo zimewekwa pamoja na mbinu za biashara na kazi za akili tupu, yaani bao na kamari vimekataliwa kwa sababu moja. Wanasheria wetu Waislamu watakapotaka hoja dhidi ya kamari, wasiitegemee ibara hiyo. Iko hoja iliyonyooka zaidi: mkataba wa TRIPS, katika kifungu cha 27, unaziruhusu nchi kukataa hataza kwa jambo lenye kupingana na maadili, na sheria ya Kenya imelisema hilo wazi. Huo ndio mlango wa Jaji Story, nao kwetu haujafungwa.

Pili, ni barza zetu. Vijana wetu wanacheza wahedi wasitini, wanacheza dhumna na bao. Neno karata ni la Kireno, na hata kopa, uru na shupaza tulizirithi kutoka huko. Michezo hii ina miaka mingi katika pwani hii. Imamu asiyetofautisha mchezo na dau hupoteza masikio ya vijana. Ibn Hajar al-Haytami, kwa kufuata kanuni ya Rafii, ametaja kuwa mchezo wa mashimo na kete unaotegemea hesabu na fikra hauharamishwi, na ule unaotegemea kubahatisha tu ni haramu. Mchezo huo wa mashimo ndio bao letu. Karata zinatazamwa kwa kipimo hicho hicho, na wako wanavyuoni waliozikaza. Lakini mara inapowekwa hata shilingi mia kwa kila upande, hapana khitilafu tena iliyobaki.

Tatu, na ndilo lililotusukuma kuandika, ni riziki za vijana wetu. Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 imeiruhusu biashara hii Tanzania Bara kwa leseni, na simu iliyomo mfukoni mwa kijana wa Shumba haijui mkondo wa Pemba. Kampuni za kubashiri zinahitaji waandishi wa programu na wabunifu wa madau mapya, na vijana wetu waliosomea kompyuta wanaitwa na kulipwa vizuri. Kijana atasema: "Mimi sichezi kamari, naandika hesabu tu." Tumwambie kwa upole kuwa hesabu hiyo ndiyo sura tuliyoisoma katika Minhaj. Kukodiwa kwa kazi yenye manfaa ya haramu ni mkataba batili, na kusaidiana katika dhambi na uadui kumekatazwa katika aya ya pili ya Sura ya Maida. Na asiambiwe tu aache. Wenye uwezo miongoni mwetu wamtafutie kazi, kwani kumfungia mtu mlango wa haramu bila ya kumwonyesha wa halali ni kumwachia mzigo peke yake.

Na tutaje mfano mmoja kutoka kwa wenyewe. Derek Webb, Mwingereza aliyebuni mchezo wa karata uitwao Three Card Poker katika miaka ya 1990, alitajirika kwa kuuza haki zake kwa makasino. Baadaye mtu huyo huyo alitoa fedha zake kugharimia kampeni dhidi ya mashine za kamari katika maduka ya kubashiri ya Uingereza, mpaka Aprili 2019 kiwango cha juu cha dau katika mashine hizo kikateremshwa kutoka pauni 100 hadi pauni 2. Hatumhukumu, na nia iko kwa Mola wake. Lakini mtu aliyezijua hesabu za kamari kwa ndani aliona kuwa ziko mashine zinazostahiki kupigwa vita, na hakuipima mashine kwa udhahiri wala upya wake. Aliipima kwa watu inaowafilisi.

HITIMISHO

Tulimjibu kijana wetu kuwa furaha yake ina sehemu ya haki. Majaji wale walihukumu kwa mujibu wa sheria waliyonayo, na uadilifu unatutaka tuseme kuwa hawakuulizwa juu ya uharamu wa kamari. Lakini asiichukue hukumu yao kuwa ushahidi wa dini yake, kwani dini yake haikuharamisha kamari kwa sababu ni kuukuu. Siku atakapokuja mtu na karata mpya, hoja ya mahkama itakwisha na hoja ya Qur'ani itabaki pale pale.

Kijana akanyamaza kidogo, kisha akasema kuwa naye ameshaitwa na kampuni moja Dar es Salaam, akaisome mikataba yao ya madau. Tulikuwa hatujui. Tulimaliza darasa, tukaswali Isha, na siku ya pili baadhi ya jamaa wa msikitini wakaanza kumuulizia nafasi kwa mawakili wanaowafahamu Unguja.

Tunamwomba Allah (S.W.) aturuzuku halali, atutosheleze nayo, na atuongoze sisi na vijana wetu. Wallahu a'alam.